Upitishaji hewa: banda la kuku wakati wa kipupwe

Kipupwe kikiingia Unguja, kati ya Juni na Agosti, kusi huvuma mfululizo na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 22. Kwa mtu wa Iringa hiyo si baridi. Lakini mfugaji wa Fuoni au Mwera, aliyetoka kwenye joto la kaskazi, akiona kuku wamejikunyata hutafuta turubai na viroba akaziba banda pande zote. Baada ya siku chache kuku wanapiga chafya. Analaumu baridi, anaongeza viroba.

Kilichozibwa humo kitaalamu ni upitishaji hewa. Wapo wanaosema uingizaji hewa, wengine mzunguko wa hewa. Mimi nashikilia upitishaji, kwa sababu kazi yenyewe ina ncha mbili: hewa safi iingie na iliyochoka itoke. Uingizaji unataja ncha moja. Mzunguko nao unapotosha, maana feni inaweza kuizungusha hewa ile ile kutwa nzima isitoke hata kidogo. Tena kitenzi pitisha kinamdai mtu: lazima awepo aliyejenga ili hewa ipite. Na kinachopita ni hewa, si upepo. Upepo unaompiga kuku usiku kwenye kichaga humdhuru kweli. Hewa inayopita juu ya kichwa chake humponya.

Maji ndiyo chanzo cha yote. Kuku mzima hunywa karibu robo lita kwa siku. Wakiwa 50, hizo ni lita 12 na zaidi, na sehemu kubwa hurudi mle mle bandani, ama kwa mvuke wa pumzi ama kwa kinyesi. Banda likizibwa, mvuke hupanda, hugusa bati lililopoa, bati likatoa jasho na matone yakadondokea maranda. Maranda yakilowa, bakteria huivunja asidi ya uriki iliyomo kwenye kinyesi na kutoa amonia. Gesi hiyo huunguza macho na kuharibu vinyweleo vya njia ya hewa ambavyo kazi yake ni kusukuma nje vumbi na vimelea. Hapo mafua yamefunguliwa mlango. (Kideri ni habari nyingine: kina chanjo yake, na hewa safi haishiki nafasi ya chanjo.)

Wataalamu wa ufugaji hutaka amonia isizidi sehemu 25 katika kila milioni, na pua ya mtu huanza kuihisi karibu na kiwango hicho. Ila pua huzoea upesi, na anayeingia bandani kila siku ndiye wa mwisho kujua. Kwa hiyo ingia alfajiri, kabla hujafungua chochote, uchutame mpaka uso wako uwe usawa wa kuku. Macho yakiwasha, jibu umelipata. Kisha chota maranda uyakamue kiganjani: yakibaki donge badala ya kutawanyika, unyevu umezidi.

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 na koti la manyoya. Akiwa mkavu, nyuzi 22 hazimtishi. Marekani, kwenye theluji, daktari Prince T. Woods alichapisha mwaka 1924 kitabu cha kutetea mabanda yenye upande mmoja wazi hata majira ya baridi. Huko vishungi vya kuku huumia zaidi kwa barafu pale unyevu unapofungiwa ndani. Ikiwa kuku wa theluji anahitaji hewa, wa Unguja hana sababu ya kunyimwa.

Na sisi tuna mafundi wetu wa jambo hili. Nyumba za Mji Mkongwe, nyingi zikiwa za karne ya 19, zina dari ndefu, matundu ya hewa juu ya milango, na mara nyingi ua wa kati ulio wazi juu. Hewa yenye joto hupanda ikatokea huko, na ya kichochoroni, iliyopoa kivulini, ikaingia chini kushika nafasi yake.

Bandani mambo ni hayo hayo kwa kimo kidogo. Jenga urefu wake uelekee mashariki na magharibi: jua halitapenya sana, na kuta ndefu zitapokea kusi upande mmoja na kaskazi upande wa pili. Ukuta uzibe kabisa hadi juu kidogo ya mgongo wa kuku aliyelala; kutoka hapo hadi upenuni weka wavu wa matundu madogo, nguchiro asipite. Paa la makuti lenyewe hupumua. La bati liachiwe mwanya kwenye mgongo wa paa, wenye kofia ya kuzuia mvua. Pazia nalo wengi hulining'iniza juu na kulishusha, likaacha wazi pale chini penye kuku. Lifungwe chini, livutwe kwenda juu, na shubiri moja ya mwisho ibaki wazi usiku na mchana, masika na kipupwe.

Vifaranga wana hukumu yao. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na wengi huwawekea jiko la mkaa kisha wakafunga kila upenyo. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, inayoua vifaranga na inayoweza kumuua pia mtu aliyelala humo kuwalinda. Wazungushie kinga fupi ya kuzuia upepo, jiko liwashwe nje hadi mkaa uive ndipo liingizwe, na mwanya wa juu usizibwe hata mvua ikinyesha.