Mama wa Kongo kwenye mpaka wa Marekani

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wazee wetu walisema hivyo, na kila mama aliyekesha akimngoja mtoto asiyerudi ayajua maneno haya bila kufundishwa. Wasomaji wapenzi, tuyashike moyoni tunaposoma habari hii, kwani yaanza na mama mmoja wa inchi yetu. Jina lake hatulitaji. Tribunali ya Marekani ilimwita kwa herufi moja tu, Mama L., ili asijulikane na watu. Lakini herufi hiyo moja imeingia katika historia ya sheria ya inchi ile kubwa.

Tarehe 1 Novemba 2017, siku ya Watakatifu Wote, Mama L. alifika San Ysidro pamoja na binti yake wa miaka 6. San Ysidro ni mlango wa mpaka kati ya mji wa Tijuana wa Meksiko na mji wa San Diego wa Marekani. Mama huyu hakuruka ukuta, wala hakupita porini usiku. Alikwenda mbele ya askari wa mpaka, akasema ameikimbia Kongo kwa sababu ya kuteswa kwa ajili ya dini, akaomba kimbilio. Sheria ya inchi ile ilimruhusu kuomba hivyo.

Siku chache walikaa pamoja kizuizini. Kisha mtoto akatolewa. Mama alimsikia katika chumba cha pili akilia na kuomba asitengwe naye. Yeye alibaki California. Binti alipelekwa Chicago, mbali karibu mara mbili kama kutoka Bukavu mpaka Kinshasa. Kwa miezi mingi walisikilizana mara chache tu, kwa simu.

Kwa nini? Wakubwa walieleza baadaye kwamba hawakuwa na hakika kama huyu ni mama yake kweli. Lakini miezi ilipita, wala hakuna aliyefanya kipimo cha kuonyesha ukoo. Mwezi wa Februari 2018 wanasheria wa chama kiitwacho ACLU waliishtaki serikali kwa ajili yake. Ndipo kipimo kilifanyika, kikaonyesha yale mama aliyoyasema tangu siku ya kwanza. Mwezi wa Machi walikutana tena, baada ya kutengwa zaidi ya miezi 4.

Mtu aweza kusema: Basi, shauri limekwisha, mtoto amerudi. Ndilo neno tunalotaka kulitazama leo. Kutenga jamaa ni kazi ya dakika chache. Kuiunganisha tena ni kazi ya miaka, na mara nyingine haitimizwi kabisa.

Sheria ilivyojengwa

Wengi hudhani kwamba kutenga watoto mpakani kulikuwa jambo la hasira ya siku moja. Sivyo. Kulijengwa tofali juu ya tofali.

Tofali la kwanza ni la mwaka 1929. Mwaka ule sheria ya Marekani ililifanya kosa la kupita mpaka bila ruhusa kuwa kosa la kufungwa gerezani, si la kurudishwa tu. Tofali la pili ni mapatano ya mwaka 1997, yaitwayo ya Flores: watoto wageni wasikae kizuizini muda mrefu. La tatu ni sheria ya mwaka 2008: mtoto aliyefika bila mzazi apelekwe katika saa 72 kwa idara inayotunza watoto wa namna hiyo. Angalieni vema: mapatano ya 1997 na sheria ya 2008 yalitungwa kwa kuwalinda watoto.

Mwaka 2017 wakubwa walijaribu jambo jipya upande wa El Paso, pasipo kulitangaza. Tarehe 6 Aprili 2018, Jeff Sessions, mkuu wa mambo ya sheria, alitangaza kwamba watu wazima wanaopita mpaka wa kusini bila ruhusa watashtakiwa wote. Mwezi uliofuata ilijulikana wazi kwamba wenye watoto hawataachwa. Hapo matofali yakaungana. Mzazi alipelekwa mbele ya hakimu. Mtoto hawezi kumfuata mzazi gerezani. Basi aliandikwa kuwa mtoto asiye na mzazi, ingawa mzazi wake alikuwa karibu naye siku ile ile. Wazazi wengi walihukumiwa kifungo cha siku zile tu walizokwisha kukaa. Waliporudi kutoka tribunali, waliona mtoto hayuko.

Hivi sheria iliyowekwa ili kumlinda yatima ikamfanya yatima mtoto mwenye baba na mama. Baadhi ya wakubwa walisema wazi kwamba hofu ya kunyang'anywa mtoto ingewazuia wengine kuja.

Daftari lisilokuwako

Kelele zilikuwa nyingi. Waganga wa watoto walikataa, na maaskofu wakatoliki wa Marekani walisema kwamba kumtenga mtoto mchanga na mama yake ni jambo baya mbele ya dhamiri. Tarehe 20 Juni 2018 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kulikomesha. Siku 6 baadaye hakimu Dana Sabraw wa San Diego, katika shauri lile lile la Mama L., aliamuru watoto warudishwe: walio chini ya miaka 5 katika siku 14, wengine katika siku 30.

Ndipo aibu ikaonekana. Hakuna aliyekuwa na daftari moja lenye jina la mtoto na la mzazi wake. Idara iliyomfunga mzazi ilikuwa na orodha yake, na idara iliyomtunza mtoto ilikuwa na yake, wala orodha hizo hazikusemezana. Hakimu Sabraw aliandika neno la kuchoma moyo: mfungwa akiingia gerezani, fedha zake na hati zake huandikwa na kutunzwa ili arudishiwe siku ya kutoka, lakini kwa watoto hao hakuna mpango uliowekwa wa namna hiyo. Mkoba wa mama uliweza kuonekana upesi kuliko mtoto wake.

Watoto wengi walirudishwa mwaka ule. Lakini wazazi zaidi ya 400 walikuwa wamekwisha kurudishwa katika inchi zao, hasa Guatemala na Honduras, na watoto wao wamebaki Marekani. Watu wa huruma walipanda milima kwenda kuwatafuta, kijiji kwa kijiji. Wengine wa wazazi hao ni Wamaya, wasemao lugha za kwao, wala hawakuwa na simu. Mwezi wa Oktoba 2020 wazazi wa watoto 545 walikuwa hawajapatikana bado.

Kidonda kisichoonekana

Tuje sasa kwa mtoto mwenyewe. Mwaka 2019 wakaguzi wa wizara ya afya ya Marekani walitoa taarifa juu ya nyumba walimokaa watoto hao. Walieleza kwamba watoto waliotengwa na wazazi walikuwa na hofu na uchungu kuliko watoto wengine waliofika peke yao. Wengine walilia bila kutulizika. Wengine walikasirika, kwani waliamini kwamba wazazi wamewatupa. Wengine tena walijisumbua kwa kuwaza mateso ya baba au mama.

Tufikiri kidogo juu ya wale walioamini kwamba wametupwa. Mtoto wa miaka 5 hajui mpaka ni nini, hajui wizara wala hakimu. Ajua jambo moja: mama yuko, na hakuna wa kumshinda. Siku watu wageni wanapomchukua, na mama asiweze kuzuia, mtoto ana mawazo mawili tu: mama hana nguvu, au mama hakutaka. Yote mawili yabomoa nyumba ndani ya moyo wake. Ndiyo sababu watoto wadogo wengine, waliporudishwa, walimkataa mama, wakamgeukia mlezi wao wa siku zile. Mama aliyelia miezi mitatu alinyosha mikono, na mtoto akageuza uso.

Waganga waeleza kwamba hofu ikikaa muda mrefu katika mwili wa mtoto, wala hakuna mtu ampendaye wa kumtuliza, yadhuru hata ubongo unaokua. Mwaka 2020 chama cha waganga kiitwacho Physicians for Human Rights kilitoa habari za wazazi 17 na watoto 9 waliopimwa baada ya kutengwa. Karibu wote walikuwa na ugonjwa wa moyo ulioumizwa: kuota ndoto mbaya, kushtuka, kukosa usingizi, huzuni isiyoisha. Na karibu wote walipimwa wakiwa wamekwisha kuunganishwa!

Sisi nasi tuna ushuhuda

Pengine msomaji atauliza: Miaka michache si kitu, je, hawatasahau wakiwa watu wazima? Kwa kujibu, hatuna haja ya kwenda Marekani. Kongo yenyewe ina ushuhuda, ingawa huko hakukuwa na shauri la wahamiaji. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa kwa amri ya serikali, wakapelekwa mbali na mama zao. Nyumba zilizowapokea zilikuwa mara nyingi nyumba za misioni. Lazima tuseme hivyo bila kuficha. Wengi walibadilishwa majina, na hati zao zikawa ngumu kuonekana.

Wanawake 5 kati ya watoto hao walitengwa na mama zao kati ya 1948 na 1953, wakapelekwa Katende, katika Kasai. Je, walisahau? Walipokuwa wazee wa miaka zaidi ya 70, waliipeleka serikali ya Ubelgiji mbele ya tribunali. Maaskofu wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kuomba radhi mwaka 2017, na waziri mkuu Charles Michel mwaka 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 tribunali ya rufani ya Brussels iliamua kwamba kuwatenga kulikuwa kosa juu ya ubinadamu. Miaka 70 ilikuwa imepita, na kidonda kilikuwa kibichi.

Kazi isiyokwisha

Tukirudi Marekani: mwaka 2021 Rais Joe Biden aliunda kamati ya kuwatafuta na kuwaunganisha waliotengwa. Mwezi wa Desemba 2023 hakimu Sabraw alikubali mapatano ya kumaliza shauri la Mama L.; yakataza kwa miaka 8 utengano wa namna ile ya 2018. Lakini mwisho wa mwaka 2024 chama cha Human Rights Watch kilihesabu watoto zaidi ya 4,600 waliotengwa, na kikasema kwamba labda 1,360 kati yao hawajaonekana kurudi kwa wazazi. Mwezi wa Januari 2025 amri iliyounda kamati ile ilifutwa.

Hatusemi kwamba serikali haina haki ya kulinda mipaka yake. Inayo. Mwenye nyumba aweza kuuliza mgeni: Wewe nani, watoka wapi? Lakini Papa Pius XII, katika hati yake Exsul Familia ya mwaka 1952, alituonyesha Jamaa Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa wakimbizi wote. Yosefu, Maria na Mtoto walivuka mpaka pamoja, wakakaa pamoja, wakarudi pamoja. Mgeni aweza kukataliwa, aweza kurudishwa, asinyang'anywe mtoto.

Na sisi katika inchi hii tufanye nini, ambako vita imewakimbiza watu wengi mara nyingi? Jambo la kwanza ni dogo. Mfundishe mtoto wako, hata akiwa wa miaka 4, kulitaja jina lake lote, jina la baba, jina la mama, na jina la kijiji, mpaka ayaseme bila kufikiri, kama asemavyo sala. Hati ya ubatizo ina majina ya mtoto, ya wazazi na ya msimamizi. Iwekwe mahali pa kuichukua upesi. Na ukimpokea mtoto aliyepotea njiani, andika siku hiyo hiyo mahali ulipomwona na maneno aliyoyasema. Usingoje kesho, kwani mtoto husahau upesi jina la kijiji, wala hasahau kamwe kwamba alikuwa na mama.