Viwanda binafsi na uundaji wa bunduki za jeshi Marekani

Viwanda vya watu binafsi vilianza kuiundia serikali ya Marekani bunduki kwa wingi mwaka 1798, nchi hiyo ilipohofia vita na Ufaransa. Kati ya karakana mbili za serikali, ile ya Springfield, Massachusetts, haikuweza kukidhi mahitaji, na ile ya Harpers Ferry, Virginia, ilikuwa haijatoa hata bunduki moja. Ndipo serikali ikagawa mikataba kwa mafundi na wafanyabiashara, ikiwapa sehemu ya fedha mapema.

Mkataba mkubwa aliupata Eli Whitney wa Connecticut, ambaye hakuwa amewahi kuunda silaha: magobori 10,000 ya gumegume kwa dola 134,000, ndani ya miaka 2. Aliyamaliza mwaka 1809. Vitabu vingi humsifu kuwa ndiye mwanzilishi wa vipuri vinavyobadilishana. Sifa hiyo imepita kiasi. Magobori yake yaliyohifadhiwa yalipofunguliwa katika karne ya 20, vipande havikuingiliana.

Anayestahili zaidi ni Simeon North, mfua miundu wa jimbo hilohilo, aliyeanza kwa mkataba wa bastola 500 mwaka 1799. Zamani fundi alichukua vipande vibichi vya bastola moja akavipiga tupa, akajaribisha, akapiga tena hadi vishikane. Kikivunjika kimoja vitani, alihitajika fundi mwingine kukichonga upya. North alimweka kila mfanyakazi kwenye kipande cha aina moja, akaona kwamba kazi inapungua kwa robo. Mkataba wake wa mwaka 1813, wa bastola 20,000, ulidai waziwazi kwamba kipande cha bastola moja kiingie katika nyingine yoyote. Kilichowezesha hilo ni mashine za kuchonga chuma na vipimo vya chuma vya kukagulia kila kipande.

Haya yote yasingewezekana bila subira ya mnunuzi. Sheria ya mwaka 1808 ilitenga dola 200,000 kila mwaka kwa silaha za wanamgambo, na mikataba ikarudiwa kwa watu walewale, hivyo mwenye kiwanda akathubutu kununua mashine. Ujuzi nao ulivuka kati ya viwanda binafsi na karakana za serikali, pande zote mbili. Asa Waters, mwenye kiwanda cha bunduki huko Millbury, Massachusetts, alimwita fundi Thomas Blanchard amsaidie kukereza mitutu. Kazi hiyo ikazaa mashine ya kukereza vitako vya mbao, iliyotumiwa katika karakana za serikali. Mwaka 1828 North alipewa kazi ya kuunda bunduki iliyobuniwa na John Hall, ambayo ilikuwa ikiundwa pia Harpers Ferry, na kufikia 1834 vipande vyake vya Connecticut viliingia katika bunduki za Harpers Ferry, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwake.

Mwaka 1851 kampuni ya Robbins & Lawrence ya Windsor, Vermont, ilipeleka bunduki zake kwenye maonyesho ya London. Waingereza walivutiwa, wakaagiza mashine kwa ajili ya kiwanda chao cha Enfield. Kampuni yenyewe ilifilisika baada ya Vita vya Krimea kuisha na oda ya bunduki kutoka kwa Waingereza kukatika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, wamiliki wapya waliunda katika kiwanda hicho bunduki 50,000 kwa mfano wa Springfield.