Kanji, mtihani na barua za babu

Leo naanza na aibu yangu. Desemba iliyopita nilipanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kwenda kufanya mtihani wa Kijapani, ngazi ya N3, ile ya katikati. Nikafeli. Tena nilifeli kwa namna inayoudhi: nilipata alama 101 kati ya 180, na za kufaulu ni 95! Tatizo ni kwamba mtihani una sehemu tatu, na kila sehemu lazima upate angalau 19 kati ya 60. Kusikiliza nilipita bila shida. Kusoma nikapata 17.

Kilichoniangusha ni kanji, herufi ambazo Wajapani walizichukua kutoka China. Sasa narudia mtihani, na kila alfajiri kabla ya kwenda kazini nakaa na daftari nikichora mstari baada ya mstari. Siku moja nikakasirika. Hawa watu wana hiragana na katakana, alama 46 za msingi kila moja, zinazoweza kuandika kila neno la Kijapani. Kwa nini wasitumie hizo tu?

Swali likinikaa kichwani huwa silali. Nikaanza kuchimba. Kumbe Wajapani wenyewe waligombana juu ya jambo hili kwa miaka zaidi ya 80.

Mwaka 1866 Maejima Hisoka alimwandikia shogun akitaka kanji zifutwe kabisa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: watoto wanamaliza miaka yao wakikariri herufi badala ya kujifunza elimu yenyewe. Huyu ndiye aliyekuja kuanzisha posta ya Japani mwaka 1871. Mori Arinori akaenda mbali zaidi. Mwaka 1872, akiwa mwakilishi wa nchi yake Marekani, alimwandikia mtaalamu mmoja wa lugha kuhusu Japani kutumia Kiingereza! Na usidhani alikuwa mtu wa vijiweni. Mwaka 1885 akawa waziri wa kwanza wa elimu.

Kisha ikaja vita, na Japani ikashindwa. Mwaka 1946 ujumbe wa elimu kutoka Marekani ulipendekeza Kijapani kiandikwe kwa herufi za Kirumi. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, serikali ya Japani ikatoa orodha ya kanji 1,850, ikaiita tōyō, yaani za kutumika kwa sasa. Sikiliza neno hilo: kwa sasa. Wengi waliounga mkono orodha hiyo walitarajia kanji zipungue hadi ziishe.

Hazikuisha. Mwaka 1948 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima, watu zaidi ya 16,000 wakapewa mtihani wa kusoma na kuandika. Walioshindwa kabisa walikuwa kama 2 tu kati ya kila 100. Kwa hiyo ile hoja kwamba kanji zinawaweka watu gizani ikapungua nguvu. Halafu mwaka 1978 Toshiba wakatangaza mashine ya kuandikia: unaingiza sauti, yenyewe inakupa kanji. Bei yake yen milioni 6.3, lakini njia ilikuwa imefunguka. Mwaka 1981 orodha ikaongezwa hadi 1,945 na jina likabadilika kuwa jōyō, za matumizi ya kawaida. "Kwa sasa" ikafutwa. Mwaka 2010 zikafika 2,136, ikiwemo moja ya huzuni yenye mistari 29. Hakika inahuzunisha.

Na mtihani wangu je? Ulianza mwaka 1984 na watahiniwa kama 7,000. Mwaka 2019 waliojiandikisha walizidi milioni 1. Zamani ulikuwa na ngazi nne, na ya tatu ilidai kanji kama 300, ya pili kama 1,000. Watu walifaulu ya tatu wakatumbukia kwenye shimo lililokuwa katikati. Ndiyo maana mwaka 2010 ikaongezwa N3. Kwa maneno mengine, ngazi niliyofeli iliwekwa kwa kuwahurumia watu kama mimi!

Nikadhani nimemaliza kuchimba. Mwezi uliopita nikaenda Tanga kumsalimia bibi. Akafungua sanduku lake akatoa barua tatu za marehemu babu, kaziandika akiwa safarini. Ni Kiswahili kitupu, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa kwa karne kadhaa kabla wamisionari na wakoloni hawajaleta hizi unazozisoma sasa. Mimi mjukuu, naishi kwa kuandika, sikuweza kusoma hata mstari mmoja. Mama naye hawezi. Bibi akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Nilielewa kila neno.

Sisemi turudi nyuma. Herufi za Kirumi zimewasomesha mamilioni, na mimi ni mmoja wao. Hata Wajapani walilipa bei yao, maana baada ya 1946 walirahisisha kanji nyingi na kubadili tahajia, na vijana wao hupata tabu na vitabu vya kabla ya vita. Tofauti ni kwamba wao waligombana wenyewe kwa wenyewe, wakajaribu, wakabadili mawazo. Sisi nani alituuliza?

Siku hizi nikishika daftari silalamiki sana. Desemba narudi Nairobi kutafuta zile alama mbili. Kabla ya hapo nitakwenda tena Tanga. Nimemwomba bibi anianzishie alifu, be, te. Amecheka, akaniambia, "Njoo mjukuu wangu, lakini usichelewe."