Nili ya Wajapani na Mbegu Isiyongoja

Mchovya asali, walisema wahenga, hachovyi mara moja. Methali hiyo ingefaa kuandikwa juu ya mlango wa karakana ya watia rangi wa Kijapani, kwani kitambaa cha nili hakikolei ila kwa kuchovywa tena na tena. Neno lenyewe, nili, limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na wazee wetu wa pwani waliijua rangi hiyo katika kaniki zilizoletwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Makala haya yakusudia kueleza jinsi Wajapani walivyoipamba nguo ya nili kwa nakshi za uji wa mchele, na jinsi ujuzi huo ulivyonusurika kutoweka.

Mmea wa nili wa Kijapani si ule wa Kihindi. Ni mmea mfupi wa mwaka mmoja, uliositawi hasa katika jimbo la Awa, ambalo leo ni mkoa wa Tokushima katika kisiwa cha Shikoku. Mto Yoshino ulikuwa ukifurika na kuacha udongo wenye rutuba. Pamba ilipoenea Japani, hasa katika karne ya 17, mahitaji ya nili yaliongezeka mno, kwa kuwa rangi hii hushika pamba vizuri, na sheria za watawala wa zama hizo ziliwabana watu wa kawaida wasivae hariri za fahari. Hivyo samawati ikawa rangi ya mkulima, fundi na mchuuzi.

Kazi huanza kwa majani. Huvunwa wakati wa joto, hukaushwa, kisha hurundikwa, humwagiwa maji na kupinduliwa mara kwa mara kwa muda wa siku 100 hivi, mpaka yawe mboji nyeusi iitwayo sukumo. Mtia rangi huitia mboji hiyo katika pipa pamoja na maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano, akaiacha ichachuke. Nili haiyeyuki katika maji matupu. Vijidudu vya uchachu ndivyo viifanyavyo iyeyuke. Kitambaa hutoka pipani kikiwa na rangi ya kijani-manjano, na kikiguswa na hewa hugeuka samawati mbele ya macho ya mtazamaji.

Sasa tutazame nakshi. Fundi huchanganya unga wa mchele unaonata na pumba za mchele, akaupika na kuukanda mpaka upatikane uji mzito. Katika mtindo uitwao katazome, uji hupakwa juu ya stensili ya karatasi. Stensili hizo zilikuwa sifa ya mafundi wa Ise: karatasi za maganda ya mforsadi zilizogandamanishwa kwa maji ya tunda chungu la kaki, zikakatwa kwa visu vyembamba. Katika mtindo wa tsutsugaki, fundi huchora kwa mkono, akiuminya uji kutoka katika mfuko wa karatasi wenye ncha. Uji ukikauka, kitambaa hupakwa maji ya soya, kisha huchovywa. Palipo na uji, rangi haipenyi. Ukioshwa, nakshi nyeupe hujitokeza. Uji na nili hupatana kwa sababu pipa la nili halihitaji moto mkali, ambao ungeuharibu uji huo kabla rangi haijashika.

Ufundi huo ulipata mapigo mawili. La kwanza lilitoka Ujerumani. Baada ya utafiti wa Adolf von Baeyer na wengine, kampuni ya BASF ilianza kuuza nili ya viwandani mwaka 1897, na mashamba ya Awa yakapungua katika miongo iliyofuata. La pili lilikuwa Vita Vikuu vya Pili, ambapo kilimo cha nili kilipigwa marufuku ili ardhi itoe chakula. Hapo ndipo hatari ilipozidi. Mbegu za mmea huu zikikaa zaidi ya mwaka hupungukiwa sana na nguvu ya kuota. Tokushima yasimuliwa jinsi jamaa ya Sato ilivyoendelea kuupanda kwa siri, mwaka baada ya mwaka, ili mbegu isife.

Wapo waliouokoa ufundi wenyewe. Yanagi Soetsu, mtetezi wa sanaa za watu wa kawaida, alifungua jumba lake la makumbusho mjini Tokyo mwaka 1936. Mfuasi wake, Serizawa Keisuke, aliyezaliwa mwaka 1895, aliipa stensili uhai mpya. Karakana yake iliteketea katika mashambulizi ya ndege ya mwaka 1945, naye akaanza upya. Serikali ilitunga sheria ya kuhifadhi urithi mwaka 1950, na kwa sheria hiyo fundi mwenyewe aliweza kutambuliwa kuwa hazina ya taifa. Chiba Ayano, mwanamke wa mkoa wa Miyagi aliyepanda nili yake na kutia rangi kwa mkono wake, alipewa heshima hiyo mwaka 1955, na Serizawa mwaka 1956.

Yafaa sisi walimu tulitafakari jambo hili. Vitambaa vya kale vyaweza kukaa katika makabati ya makumbusho kwa karne nzima, lakini namna ya kulijua pipa lililoiva, kwa harufu, kwa povu na kwa ulimi, haihifadhiwi kabatini. Mwanagenzi huipata kwa kusimama kando ya fundi msimu baada ya msimu. Lugha zetu nazo zina maneno ya ususi, uvuvi, ufinyanzi na uhunzi ambayo yamo katika vinywa vya wazee wachache. Tukisema tutayakusanya mwakani, tukumbuke mbegu ya nili: mwaka mmoja waweza kuwa mrefu kupita kiasi.