Mchimbaji Aliyechoka wa Kakamega

Kutoka mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, hadi mgodi wa zamani wa Rosterman si mbali, lakini ni njia waliyopita watu wengi. Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson aliona dhahabu katika eneo hili, na wazungu wakamiminika. Sheria ya ardhi ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba Mwafrika akitwaliwa shamba atapewa jingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha, fidia ya fedha ikatosha. Vitabu vya historia hukaa sana kwenye dhuluma hiyo, na vina haki. Mimi katika njia hii namtafuta mtu aliyeshuka shimoni: kichwa chake kilikuwaje alipochoka?

Fikiria mkono uliozoea kugonga mwamba, na jicho linaloona ufa mpya juu ya kichwa. Akili inapaswa kuzuia mazoea na kuitii hatari. Mvutano wa aina hii ulikuja kupimwa na John Ridley Stroop wa Marekani, aliyechapisha jaribio lake mwaka 1935. Neno "nyekundu" linaandikwa kwa wino wa buluu, nawe utaje rangi ya wino. Kusoma kunakuwahi; usipokuzuia utakosea. Kuzuia huko hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo.

Je, kuzuia huko huwaje mwili ukisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake? Mwanafiziolojia Angelo Mosso wa Turin alikwishaandika kitabu kizima kuhusu uchovu mwaka 1891, akieleza jinsi kazi ya akili inavyoweza kulegeza hata misuli. Mwaka 2003 mtafiti Arne Dietrich aligeukia upande wa pili: kwa hoja yake, misuli mikubwa ikidai sana, ubongo huupa mwendo kipaumbele na sehemu ya mbele hupunguza shughuli. Bado anabishiwa. Watafiti wanaosoma umeme wa ubongo kwa elektrodi kichwani huona mazoezi ya wastani mara nyingi yakisaidia umakini. Yakiwa makali mno, matokeo hayalingani.

Kwangu mimi, shaka hiyo yenyewe inatosha kuwa sababu ya kumlinda mchimbaji. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, lakini wachimbaji wadogo wangali wanashuka mashimoni huko Ikolomani, Kakamega, na mashimo hayo huporomoka na kuua. Uamuzi wa kutoka asiachiwe aliyeshinda chini na sululu. Apewe mwenzake wa juu aliyepumzika, na akisema tokeni, watoke.