Papa yako anapata ngapi? Historia ya swali moja

Mwaka niliomaliza sekondari nilijaza fomu ya bursi ya shirika moja hapa Lubumbashi. Jina naliacha. Maswali mawili njo yaliniangusha: mshahara wa papa ni ngapi, na nyumba munamolala ni yenu ao munalipia? Nikaandika kweli. Papa ni mutumishi wa Leta, nyumba ni yetu. Jibu likarudi kwamba jamaa yetu inajiweza. Papa alicheka, kiisha akanyamaza. «Miye njo tajiri? Bakuye basi baone.» Mwezi uliofuata akauza kiwanja alichonunua juu ya uzee wake, na minervale ya mwaka wa kwanza ikalipwa.

Yeye mwenyewe alisoma wakati wa UNAZA, kwa bursi ya Leta. Ilikuwa ndogo na ilichelewa, lakini hakuna mutu aliyemuuliza baba yake anapata ngapi.

Fomu yangu ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza, na maswali yake yanafanana sana na yale ya Marekani. Basi nikaenda kutafuta huko.

Kumbe hata kule zamani hawakuuliza sikuzote. Mwaka 1944 sheria ya askari waliotoka vitani ililipa masomo mpaka dola 500 kwa mwaka, bila kupima mali ya wazazi. (Askari weusi wengi walifungiwa mlango kwa njia zingine, tusisahau.) Mwaka 1954, mwaka uleule Lovanium inafunguliwa kwetu, vyuo vya Marekani vikaunda ofisi moja ya kupima jamaa: mshahara, akiba, watoto wangapi, nyumba. Kutoka hapo inatokea hesabu: jamaa hii inaweza kutoa kiasi fulani. Ni karatasi njo inasema hivyo. Mufuko haukuulizwa.

Mwaka 1965 Rais Johnson akatia saini sheria kubwa ya elimu ya juu. Serikali ilisaidia kulipa faida ya mukopo wa mwanafunzi, lakini kwa jamaa zenye pato lisilopita dola 15,000. Mwaka 1972 ikaja ruzuku ya maskini, ile waliyoiita baadaye Pell. Vizuri sana. Lakini miaka ile bei zilikuwa zinapanda kila siku, na mishahara ikapanda kwa hesabu tu, bila kununua zaidi. Jamaa nyingi zikavuka mupaka bila kuwa tajiri hata kidogo: mwalimu, fundi, mupostye. Wakaanza kulia kwamba tajiri anajilipia, maskini anasaidiwa, na sisi wa katikati tunaenda wapi?

Walisikilizwa. Tarehe 1 Novemba 1978 Rais Carter akatia saini sheria ya kusaidia wanafunzi wa pato la kati. Ruzuku ikafika kwa jamaa zenye karibu dola 25,000, na mupaka wa pato kwa mukopo ukaondolewa kabisa. Hapa njo ningetaka tusimame kidogo. Ruzuku iliongezwa kidogo. Mukopo ulifunguliwa kwa wote. Banki zikajaa watu. Kwa miaka mitatu mikopo ile ikaongezeka zaidi ya mara tatu, na serikali ikabeba faida wakati faida ya soko ilikuwa juu sana. Mwaka 1981 Reagan akarudisha mupaka: anayepita dola 30,000 aonyeshe kwanza kama ana lazima, na kila mukopo ukakatwa 5% mbele ya kumufikia mwanafunzi.

Mwaka 1992 wakageuza tena. Nyumba ya jamaa ikatolewa katika hesabu ya serikali. Nilisoma mstari huo mara mbili, nikafikiri juu ya mabati yetu. Halafu wakaweka mukopo mupya, ambao mutu wa pato lolote anaweza kuchukua, ila faida yake inaanza kuhesabiwa siku ya kwanza, hata mutoto angali mu kalasi. Na wazazi wakaruhusiwa kukopa mpaka bei yote ya chuo.

Miye naona hivi: kila mara jamaa za katikati zilipolia, sehemu kubwa ya jibu ilikuwa deni. Maskini alipewa, hata kama haikutosha. Wa katikati alikopeshwa, na wakamuambia hiyo ni musaada. Kwetu hata mukopo ule haukuwapo. Kulikuwa na kiwanja cha Papa.

Wiki iliyopita mudogo yangu alileta fomu ya shirika lilelile. Wamebadilisha rangi na picha ya juu, lakini swali la nyumba lingali pale. Ameniuliza aandike nini. Papa alikuwa amekaa karibu, anasikia. Hakusema kitu.