Upimaji wa Jeni za Usugu wa Dawa katika Kipindupindu cha Ziwa Tanganyika

Upimaji wa jeni za usugu ni uchunguzi wa maabara unaosoma DNA ya bakteria ili kubaini mabadiliko yanayowawezesha kuhimili antibiotiki. Katika bonde la Ziwa Tanganyika umetumika kwa Vibrio cholerae O1, bakteria wa kipindupindu, ugonjwa ambao Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa hilo, huupata karibu kila mwaka.

Kwanza kinyesi cha mgonjwa huoteshwa. Juu ya bakteria walioota huwekwa vipande vya karatasi vyenye dawa, kisha hupimwa duara tupu linalobaki kuzunguka kila kipande. Duara likiwa dogo, dawa imeshindwa. Kipimo hiki huonyesha usugu. DNA huonyesha chanzo chake.

Siprofloksasini, mojawapo ya antibiotiki, huzuia vimeng'enya ambavyo bakteria huvihitaji ili kunakili DNA yake. Badiliko dogo katika jeni gyrA huipunguzia dawa hiyo nguvu. Likiongezwa la jeni parC, nguvu hiyo hupungua zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023, wa bakteria waliokusanywa upande wa Kongo kati ya 2001 na 2020, ulikuta koo mbili za nasaba ya AFR10. Ukoo mmoja ulitawala baada ya kupata badiliko la parC, onyo zito kwa eneo lenye dawa chache.

Tiba kuu hubaki kurudisha maji na chumvi mwilini. Antibiotiki, hasa doksisaiklini, hupewa walio mahututi. Majibu ya jeni huchelewa mno kumsaidia mgonjwa aliye kitandani, hivyo hutumika kuchagua dawa za mlipuko unaofuata.